Ugonjwa wa kutetemeka huanza mbele ya kutetemeka



Jambo tunalowaletea juma hili lilianzia katika mkutano wetu wenyewe. Mama mmoja wa kikundi alisimama mwisho wa mkutano, akasema hawezi tena kulala nyumbani mwake kwa amani, sababu ya mama mkwe wake.

Alieleza hivi. Yeye na mama mkwe wamekaa katika lupango moja miaka mingi bila ugomvi. Lakini sasa, usiku, yule mzee anapiga kelele katika usingizi, anatupa mikono na miguu kama mtu anayepigana. Usiku mmoja alimpiga mjukuu wake aliyelala naye kitanda kimoja, jicho la mtoto likavimba. Asubuhi alilia sana. Alikumbuka ndoto tu: mbwa walikuwa wanamkimbiza, naye alikuwa anawafukuza kwa teke. Tena, bukari iliungua juu ya mbabula akiwa ameketi karibu nayo, wala hakusikia harufu. Tena, alikuwa mtu wa kucheka, sasa uso umekuwa mkavu na sauti imekuwa ndogo.

Majirani wakaanza kunong'ona. Mtu anayepigana usiku, wakauliza, anapigana na nani? Na juma lile mtoto wa nyumba ya pili alikuwa mgonjwa. Wamama, mnajua vizuri maneno ya namna hii yanaishia wapi. Tumeona wazee wakifukuzwa, vitu vyao vikitupwa njiani.

Kikundi kikagawanyika. Wengine walisema apelekwe katika chumba cha sala, wengine kwa mfumu, wengine arudishwe kijijini. Na sisi walimu, ambao watu hutungojea tuseme neno, tulinyamaza. Hatukuwa na la kusema. Tunaandika makala hii pia sababu ya haya tuliyosikia siku ile.

Miezi ikapita. Kidole gumba cha mkono wa kuume kikaanza kutetemeka. Katika kituo cha afya walimpa dawa ya malaria mara mbili. Mwishoe mtoto wake akampeleka kwa munganga wa mishipa ya fahamu katika hospitali kubwa. Munganga akamwangalia anavyotembea, akamwomba afungue na kufunga vidole, akamkunja mkono polepole. Kisha akamgeukia mke wa mtoto wake, akamwuliza: Je, mama anapiga kelele anapolala? Anasikia harufu ya chakula? Anapata choo kila siku? Tangu lini amekuwa na huzuni?

Rafiki yetu alishangaa. Alituambia: "Nilikwenda na mkono unaotetemeka, yeye akaniuliza mambo ya chumba cha kulala. Nani alimwambia?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tutafute na kusoma. Jina la ugonjwa ni Parkinson. Na jibu la swali ni hili: hakuna aliyemwambia. Wachunguzi wa nchi nyingi wamejifunza, kwa miaka mingi, kwamba ugonjwa huu hauanzii katika mkono.

Munganga wa London na watu sita

Mwaka 1817, munganga James Parkinson wa London aliandika kitabu kidogo juu ya watu 6. Wengine alikutana nao njiani tu. Alieleza mkono unaotetemeka wakati umepumzika, mwili unaoinama mbele, na hatua zinazokuwa fupi na za haraka kama mtu anayetaka kukimbia. Baadaye Mfaransa Jean-Martin Charcot, munganga mkubwa wa Paris, akaupa ugonjwa jina la Parkinson.

Parkinson aliandika kwamba akili na hisia za mgonjwa hubaki nzima. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 100, waganga waliangalia zaidi mwendo: kutetemeka, kukakamaa na kufanya mambo polepole.

Katika miaka ya 1950 na 1960 kulitokea maendeleo makubwa. Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kazi ya kitu kinachoitwa dopamini ndani ya ubongo. Tuieleze kama tunavyoeleza darasani: dopamini ni mjumbe. Ubongo ukitaka mkono uende, mjumbe huyo husaidia amri ipite vizuri. Waganga wa Vienna, katika nchi ya Austria, walipochunguza ubongo wa watu waliokufa na Parkinson, walikuta dopamini imepungua sana. Chembe zinazoitengeneza zinakufa kidogo kidogo. Ndipo ikaja dawa ya levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitini walisimama na kutembea. Hata leo hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya ugonjwa huu.

Lakini wagonjwa waliendelea kulalamika. Mkono umetulia kidogo, ndiyo, lakini silali. Tumbo limefunga. Nachoka bila kufanya kazi. Nina huzuni. Bega linaniuma. Nikisimama naona kizunguzungu. Mate yananitoka. Naamka kukojoa mara nyingi. Waganga wengi walijibu kwamba hayo ni uzee.

Mwaka 2009 waganga wa Italia walitangaza uchunguzi waliofanya juu ya wagonjwa 1,072 wa Parkinson. Waliwauliza juu ya dalili zisizo za mwendo. Karibu wote, zaidi ya 98 katika kila 100, walikuwa na angalau moja. Kwa wastani kila mgonjwa alikuwa nazo karibu 8. Basi hizo si mambo ya pembeni. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Usingizi unaosema mapema

Turudi kwa yule mama anayepigana na mbwa katika ndoto.

Mtu akiota, kwa kawaida mwili wake hufungwa. Ubongo unazima misuli, isipokuwa ile ya pumzi na ya macho, ili tusifanye yale tunayoota. Ni ulinzi mzuri. Lakini mwaka 1986, katika mji wa Minneapolis huko Marekani, waganga Carlos Schenck na Mark Mahowald pamoja na wenzao walieleza watu ambao ulinzi huo umevunjika. Wanapoota wamekimbizwa, wanakimbia. Wanapoota wanapigana, wanapiga ngumi. Mara nyingi anayepokea ngumi ni bibi aliyelala karibu.

Waliendelea kuwafuata wagonjwa hao. Mwaka 1996 walitangaza kwamba katika wanaume wazee 29, 11 walikuwa wameshapata ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Mwaka 2013 walitoa habari tena: kati ya 26 walioweza kuendelea kufuatwa, 21 walikuwa wamepata Parkinson ao magonjwa ya jamaa yake. Kwa wengine ilichukua miaka zaidi ya 10.

Sababu ni kwamba sehemu ya ubongo inayofunga mwili wakati wa ndoto iko chini, karibu na shingo, na ugonjwa unaweza kufika pale mbele ya kufika sehemu ya mwendo. Usiku ule watu walipokuwa wananong'ona juu ya mzee wetu, ubongo wake ulikuwa unatoa habari, na hakukuwa mtu wa kuisoma.

Pua na tumbo

Mjerumani Heiko Braak na wenzake walichunguza ubongo wa watu wengi waliokufa. Walitafuta protini moja inayoitwa alfa-sinukleini. Kila mtu anayo, lakini katika Parkinson inajikunja vibaya, inashikamana na kuwa madonge ndani ya chembe. Mwaka 2003 Braak alieleza kwamba madonge hayo yanaonekana kufuata njia. Yanatokea kwanza katika sehemu ya kusikia harufu na katika sehemu ya chini ya ubongo. Nyuma yake ndipo yanapanda kufika mahali panapotengenezwa dopamini. Yeye na wenzake walifikiri pia kwamba pengine jambo lote linaanzia katika mishipa ya fahamu ya tumbo, na kupanda kwa mshipa mrefu unaounga matumbo na ubongo.

Si wachunguzi wote wanaokubali kwamba njia ni moja. Katika miaka ya karibuni wachunguzi wa Denmark wamesema pengine kuna njia mbili: kwa wengine ugonjwa unaanzia tumboni, kwa wengine unaanzia katika ubongo wenyewe. Lakini wengi wanakubaliana juu ya hili: siku mkono unapoanza kutetemeka, ugonjwa una miaka mingi tayari, na karibu nusu ya chembe za dopamini, ao zaidi, zimekwisha kupotea.

Juu ya tumbo kuna uchunguzi wa Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Wachunguzi waliwauliza maelfu ya wanaume jambo ambalo watu hawapendi kusema: unakwenda choo mara ngapi kwa siku? Kisha wakawafuata miaka mingi. Mwaka 2001 walitangaza kwamba wale wasiopata choo kila siku walikuwa na hatari ya Parkinson karibu mara 4 kuliko wale waliokwenda mara 2 kwa siku.

Hapa wamama tusikie vizuri, tusije tukatiana hofu. Katika maelfu hayo, waliopata Parkinson hawakufika hata 100. Choo hufunga kwa sababu nyingi: maji kidogo, chakula kisicho na mboga, mimba, dawa fulani. Pua hufunga kwa mafua, na wengi walipoteza harufu kwa Korona. Mtoto kupiga kelele usiku ni jambo lingine kabisa. Dalili moja haitoshi. Lakini mtu aliyepita miaka 50, anayepigana katika ndoto, asiyesikia tena harufu, mwenye choo kilichofunga na huzuni isiyo na sababu, huyo anahitaji munganga. Hahitaji mashtaka.

Mama Joy na shati la bwana yake

Katika yote tuliyosoma, habari moja ilitugusa kuliko zote, maana ilianzia nyumbani, kwa mwanamke.

Joy Milne ni muuguzi wa mji wa Perth, katika Scotland. Bwana yake, Les, alikuwa munganga. Les alipokuwa na miaka thelathini na kitu, Joy aliona kwamba harufu ya mwili wake imegeuka. Ilikuwa harufu nzito, ya ajabu. Alimwambia aoge vizuri zaidi, wakagombana juu ya jambo hilo. Miaka ikapita, tabia ya bwana ikabadilika pia. Alipofika miaka 45, waganga walimwambia ana Parkinson.

Baadaye Joy na Les walikwenda kwenye mkutano wa wagonjwa wa Parkinson. Joy aliingia katika chumba, akasikia harufu ile ile kwa watu wote wagonjwa. Akaelewa kwamba si mambo ya kuoga. Siku moja alimwuliza mchunguzi Tilo Kunath wa chuo kikuu cha Edinburgh kwa nini hawatumii harufu kuutambua ugonjwa. Kwanza swali halikupata mafasi. Nyuma ya muda Kunath akamrudia, wakafanya jaribio. Watu 6 wenye Parkinson na watu 6 wazima walivaa mashati, kisha mashati yakaletwa kwa Joy ayanuse bila kujua ni ya nani.

Alipata 11 katika 12. Kosa lake lilikuwa moja: alisema mtu mmoja kati ya wazima naye ni mgonjwa. Miezi michache nyuma yake, mtu huyo akaja kuwaambia kwamba waganga wamemkuta na Parkinson. Joy hakukosea hata mara moja.

Tangu hapo mchunguzi mwanamke, Perdita Barran wa Manchester, pamoja na wenzake, wamechunguza mafuta yanayotoka katika ngozi ya mgongo. Mwaka 2019 walitangaza kwamba wamekuta ndani yake vitu vilivyo tofauti kwa wenye Parkinson. Wanatafuta namna ya kupima kwa kupangusa ngozi kwa pamba tu. Kazi hiyo bado iko katika uchunguzi, haijafika hospitalini kwetu. Les alifariki mwaka 2015.

Tuliposoma habari hii tulifikiri juu ya wamama wote wanaosema: "Bwana yangu amebadilika, sijui ni nini." Joy alijua zaidi ya miaka 10 mbele ya waganga. Hakuwa na mashine. Alikaa na mtu huyo tu, akamfahamu.

Mambo yasiyosemwa

Waganga wenyewe wamekubali kwamba walikuwa hawaulizi, na wagonjwa walikuwa hawasemi. Wengine kwa haya, hasa mambo ya choo, ya mkojo na ya kitandani. Wengine kwa kufikiri kwamba hayo hayahusiane na mkono unaotetemeka. Mwaka 2006 kikundi cha waganga wa nchi mbalimbali, pamoja na Ray Chaudhuri wa London, kilitoa karatasi ya maswali 30 ya kujibu ndiyo ao hapana. Mgonjwa na mtu wa nyumbani wanaijaza wakiwa wanangojea, kisha munganga anaisoma. Ni karatasi tu, haihitaji umeme, nayo imefungua midomo ya wengi.

Na maabara nayo yamepiga hatua. Mwaka 2023 wachunguzi walitangaza kipimo kinachoonyesha ile alfa-sinukleini mbaya katika maji ya uti wa mgongo. Kwa wagonjwa wa Parkinson kilionyesha kweli kwa karibu 88 katika 100. Kwa wale waliopoteza harufu kilionyesha zaidi ya hapo. Hata baadhi ya watu ambao hawajatetemeka, lakini wanapigana katika ndoto ao wamepoteza harufu, walionekana wanayo.

Mtu anaweza kuuliza: inafaa nini kujua mapema, kama dawa ya kuponya haipo? Ni kweli, haipo bado. Levodopa hupunguza dalili, haizuii chembe kufa. Lakini wachunguzi wanafikiri kwamba dawa ya kuzuia, siku itakapopatikana, itasaidia zaidi mtu ambaye chembe zake nyingi zingali hai. Ndiyo maana wanatafuta watu wa hatua ya mwanzo. Na sisi nyumbani tuna faida nyingine, isiyongojea maabara: kujua kunaokoa heshima ya mtu.

Na huku kwetu Afrika?

Kuna wanaosema Parkinson ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8 na nusu duniani walikuwa nao. Tena lilisema dawa ya levodopa ni vigumu kuipata katika nchi nyingi maskini.

Mfano wa karibu ni Tanzania, wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro. Waganga wa huko na wenzao wa Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071. Walikuta watu 33 wenye Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wameambiwa na munganga yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wanakaa tu nyumbani, wanatetemeka. Wachunguzi walipouliza watu wa huko wanaufikiriaje, wengine walisema ni uzee, na wengine walitaja uchawi. Ni Kiswahili kile kile, na maneno ni yale yale tuliyosikia katika mkutano wetu.

Tena mwaka 2023, wachunguzi wa Nigeria, akiwamo Njideka Okubadejo wa Lagos, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, walitangaza alama moja katika urithi wa damu inayoongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika. Alama hiyo ni adimu sana kwa Wazungu. Kama wangeendelea kuchunguza Wazungu peke yao, isingeonekana.

Tufanye nini nyumbani

Haya ndiyo tuliyokusanya kwa ajili ya vikundi vyetu. Hayachukui mahali pa munganga.

Kwanza, andika. Chukua daftari ya mtoto, andika siku na jambo: usiku wa leo alipiga kelele, leo ni siku ya tatu bila choo, alisimama akaanguka. Munganga anamwona mgonjwa dakika chache tu. Wewe unamwona siku zote. Daftari lako ndilo jicho lake.

Pili, linda usingizi. Mtu anayepigana katika ndoto asilale na mtoto mchanga. Weka godoro chini ao karibu na chini. Ondoa visu, chupa na viti karibu na kitanda. Mbabula isilale ndani ya chumba, na hilo ni kwa kila mtu, maana moshi wake unaua.

Tatu, mtu asiyesikia harufu asiachwe peke yake na moto, wala asiachiwe kazi ya kuchagua samaki ao nyama iliyoharibika. Mwonjee chakula. Kama hali vizuri, usifikiri amechukia upishi wako. Chakula kisicho na harufu hakina ladha.

Nne, tumbo. Maji, mboga, papai, na kutembea kila siku. Mazoezi ya mwili yanasaidia wagonjwa wa Parkinson, hata kuzunguka lupango asubuhi na jioni ao kucheza ngoma kidogo. Choo kilichofunga kinachelewesha pia dawa kufanya kazi.

Tano, kuinuka. Kama anapata kizunguzungu, aketi kwanza kando ya kitanda, angojee, ndipo asimame akishika kitu.

Sita, dawa. Levodopa imezwe kwa saa zake, wala isikatwe kwa ghafula, maana kukata ghafula kunaweza kuleta hatari kubwa. Nyama, samaki na maharagi vinaweza kuizuia isiingie vizuri katika damu. Kwa hiyo waganga wengi hushauri imezwe nusu saa mbele ya chakula ao saa moja nyuma yake. Kama inaleta kichefuchefu, uliza kama anaweza kuimeza na ndizi ao biskuti. Asinyimwe maharagi, ni saa tu inayobadilika.

Saba, mwambie kila munganga na kila muuza dawa kwamba huyu ana Parkinson. Dawa fulani zinaongeza ugonjwa. Metoklopramidi, ambayo watu hupewa kwa kutapika, ni mojawapo. Haloperidoli, inayopewa wenye kuchanganyikiwa, ni nyingine. Na mtu ambaye hana Parkinson, akizimeza, anaweza kuanza kutetemeka na kukakamaa kama mwenye ugonjwa huo.

Nane, huzuni. Huzuni ya Parkinson si uvivu wala kukosa imani. Ni sehemu ya ugonjwa, na inatibiwa. Uso mkavu pia si hasira: misuli ya uso imekakamaa. Mtu anaweza kukupenda na uso wake usionyeshe. Na akianza kuona watu ao wanyama wasiokuwapo, msigombane naye wala msimwite mchawi. Mpelekeni kwa munganga haraka, maana inaweza kuwa ugonjwa, ao dawa iliyopita kipimo, ao homa.

Mwisho, mtunzaji naye ni mtu. Mara nyingi ni binti ao mke wa mtoto, halali usiku, na asubuhi anakwenda sokoni. Katika kikundi chetu tumepanga zamu: wamama wawili wanakaa na yule mzee siku moja katika juma, rafiki yetu apate kulala ao kufanya biashara yake.

Mzee wetu leo

Hatutaki kuwadanganya kwamba amepona. Mkono wa kuume unatetemeka bado, na siku nyingine dawa haipatikani ao pesa zimekosekana. Anatembea kwa hatua ndogo. Lakini analala chini, juu ya godoro lake, katika chumba chake mwenyewe, na mjukuu analala ngʼambo ya ukuta. Usiku akipiga kelele, mke wa mtoto wake anamwita kwa jina, kwa sauti ya polepole, mpaka aamke. Anauliza: "Ni mbwa tena, mama?" Mzee anajibu: "Ndiyo, ni mbwa." Kisha wanalala.

Tulikwenda kwa majirani, sisi walimu tulionyamaza siku ya kwanza. Tulikaa nao, tukawaeleza haya yote mlivyoyasoma hapa, tukawasomea maswali ya munganga. Si wote walioamini. Lakini mama wa nyumba ya pili, ambaye mtoto wake alikuwa mgonjwa, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema baba yake mzazi, kijijini, alikuwa akipiga kelele vile vile usiku, miaka mingi mbele ya kuanza kutetemeka. Walikuwa wamemjengea nyumba yake peke yake, mbali na watu, akafia huko.

Alituomba tuandike.